"Kaka, heshima yako inakula posho yangu"

Wahariri wa safu, salaam.

Nasimamia kitengo cha nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Kurasini. Maafisa nyaraka wako watano: wanaume watatu, mama mmoja wa miaka 52 na binti wa miaka 27 aliyeajiriwa mwaka jana. Nimelelewa kwamba mwanamke hupishwa, hubebewa mzigo, na haachwi nje giza likiingia, na kitengo nakiendesha hivyo hivyo. Akina dada wanatoka saa 11 jioni hata kazi ikibaki, wanaume ndio wanaomalizia. Dumu la maji ya kunywa linabadilishwa na wanaume. Tukienda bandari kavu kwenye ukaguzi wa kontena, kiti cha mbele cha gari ni cha mwanamke. Tukila kwa mama lishe, chakula chao nalipa mimi. Na safari za Tunduma, za kufuatilia malori ya transiti yanapokwama mpakani, nawapa wanaume tu, maana ile barabara na zile gesti si za kumpeleka mtoto wa mtu. Anakwenda afisa mmoja na dereva, safari mbili kila mwezi, siku nne kila safari, posho shilingi 80,000 kwa siku.

Wiki iliyopita huyu binti aliniambia mbele ya wenzake, tena bila ukali: "Kaka, heshima yako inakula posho yangu." Wanaume wakacheka. Yule mama akadakia kwamba watoto wa siku hizi hawana shukrani, na yeye asiguswe na saa yake 11. Nimebaki njia panda. Nikiacha kuwapisha nitaonekana sina adabu, nikiendelea naambiwa nabagua. Nishike lipi? Na je, hata kumpisha mwanamke kiti kwenye mwendokasi siku hizi ni kosa?

Msimamizi, Kurasini

JIBU

Kaka Msimamizi, binti kakuletea hoja ya hesabu na wewe umetuandikia malezi. Tuanze na hesabu yake.

Safari mbili kwa mwezi ni 24 kwa mwaka. Kila moja ina posho ya 320,000. Zikigawanywa kwa wanaume watatu, kila mmoja anakwenda mara nane na kupata 2,560,000 kwa mwaka. Zingegawanywa kwa watu watano, kila mmoja angepata wastani wa 1,536,000. Kwa hiyo kila mwanamke kwenye kitengo chako anakosa milioni moja na nusu na ushei kila mwaka, na kila mwanaume anaongezewa 1,024,000. Wale waliocheka walikuwa na sababu milioni moja za kucheka.

Hapo hatujagusa saa 11. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezwa asilimia 5. Kama saa ya ziada imeangukia usiku, hiyo asilimia 5 inapigwa juu ya malipo ya ziada. Mtu ambaye saa yake ni 4,000 anapata 6,000 kwa saa ya ziada, na 6,300 ikiwa ni usiku. Unapomwambia binti "wewe nenda nyumbani dada", umemnyima hizo kwa tabasamu.

Na kuna kitu ambacho kalkuleta haikioni. Anayekwenda Tunduma anajulikana na maofisa wa pande zote mbili za mpaka. Anajifunza ni hati ipi hukwamisha lori na nani wa kumpigia. Baada ya miaka mitatu, mkurugenzi akitafuta naibu wako, atamtaka "mwenye uzoefu wa mpakani", na mwenye huo uzoefu atakuwa mwanaume kwa sababu wewe ndiye uliyeugawa. Hapo hatakuwapo wa kumlaumu, maana kila mtu alikuwa mpole.

Upole wa aina hii umechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Glick na Susan Fiske, walitoa dodoso la hoja 22. Nusu yake inapima chuki ya wazi dhidi ya wanawake, nusu nyingine inapima kile tunachoweza kukiita ubaguzi wa kubembeleza: mwanamke ni ua, alindwe, atunzwe, asisumbuliwe. Wengi wangetarajia kwamba anayewabembeleza wanawake hawachukii. Majibu yalionyesha mambo hayo mawili hutembea pamoja. Mwaka 2000 wakachapisha matokeo ya nchi 19, zaidi ya watu 15,000, na mwelekeo ukawa ule ule: nchi ambazo wanaume wana chuki zaidi ndizo pia zenye kubembeleza zaidi. Wanawake wenyewe katika nchi hizo mara nyingi waliupokea huo ubembelezi vizuri, na hilo lina mantiki, kwani nje kukiwa na mbwa wakali, mwenye fimbo ya kukusindikiza humfukuzi. Kwa hiyo yule mama wa miaka 52 usimwone mjinga. Amefanya kazi miaka mingi katika mji ambao ulinzi wako ulikuwa na faida kwake.

Sasa neno "mila zetu". Tulitazame kwa karibu, maana mengi tunayoyaita mila ya kumheshimu mwanamke hayakutoka kwa babu zetu. Shikamoo haiulizi jinsi, inauliza umri: kijana humwamkia bibi kizee na babu kizee kwa neno moja. Hodi ya pwani, ndiyo, ilikuwa na ulinzi wa wanawake ndani yake. Unasimama pembeni ya mlango usichungulie, unabisha mara tatu, usipoitikiwa unaondoka. Lakini tazama ilivyofanya kazi: mwenye nyumba ndiye aliyeamua kukukaribisha au kukunyamazia. Ama hilo la "mwanamke atangulie" mlangoni, tulilipokea kwa wageni. Katika nyumba nyingi za bara mume alitangulia na fimbo, mke akafuata na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Anayetaka kurudi kwenye mila aseme kwanza ipi.

Hodi hiyo ndiyo kipimo tunachokupa. Adabu nzuri humwachia mwenyewe kuitikia au kukataa, na akikataa hapotezi kitu. Kiti ulichompisha mtu basini anaweza kukikataa na safari ikaendelea. Safari ya Tunduma binti hakukataa, ulimkatalia wewe. Kwa hiyo usivunje kila kitu kwa hasira, na wala usishike kila kitu kwa woga. Chambua moja moja.

La safari ndilo zito, na hapo hatukupi nafasi ya kusitasita. Kifungu cha 7 cha sheria tuliyoitaja kinamkataza mwajiri kubagua, kwa njia ya moja kwa moja au ya kuzunguka, katika sera au utaratibu wowote wa kazi, na jinsi, jinsia, ujauzito na hali ya ndoa zimetajwa kwa majina. Kuna upenyo wa "sifa ya lazima ya kazi yenyewe", lakini kugongesha mihuri mpakani hakuhitaji ndevu. Binti akiamua kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, nia yako njema haitakuwa utetezi. Ataonyesha orodha ya safari za mwaka mzima, na orodha hiyo inajieleza.

Tengeneza mzunguko wa majina matano, kwa herufi au kwa tarehe ya kuajiriwa, na uubandike ukutani. Jina likifika, mtu anaarifiwa siku saba kabla. Akiwa na udhuru anabadilishana na anayemfuata, na udhuru huo ni wa safari ile tu. Wasimamizi wengi huharibu hapa: mwanamke anasema mara moja "mwezi huu siwezi, mtoto anaumwa", na jina lake halirudi tena mwaka mzima. Mwanaume akisema hivyo anapangiwa ya mwezi ujao. Jingine: usiitishe kikao ukauliza "nyie akina mama, mnataka safari au hamtaki?" Atajibu mmoja kwa niaba ya wote, na kwa jinsi ulivyotueleza, tunamjua atakayejibu. Muulize kila mtu peke yake, na swali liwe la tarehe.

Barabara na gesti ulizozitaja ni hoja ya kweli, ila haina jinsi. Lori lililoacha njia usiku halichagui wa kugonga. Gari la ofisi litembee mchana tu, lala njiani kama ni lazima. Kila msafiri awe na chumba chake chenye komeo la ndani, akiwemo dereva. Kama leo afisa na dereva wanabanana chumba kimoja kuokoa pesa, huo ndio mzizi wa maneno ya "mwanamke ana gharama". Weka vyumba viwili kwenye bajeti kwa kila safari, nani asafiri lisiwe na uhusiano. Msafiri apige simu ofisini asubuhi na jioni. Na atakayekwenda kwa mara ya kwanza, wa kiume au wa kike, akabidhiwe na aliyetoka huko: majina ya wa kuonana nao, mpangilio wa hati, na makosa ya safari iliyopita. Usimpe binti mwanaume wa kumsindikiza kama hukuwahi kumpa mwanaume msindikizaji, maana mpakani ataonekana mwanafunzi, na mhasibu ataona posho mbili.

Tena anza leo daftari la malori: lini limefika mpakani, lini limeachiwa, lilikwama kwa nini. Bila daftari, lori la kwanza la binti likikaa siku sita utasikia "si tulisema". Ukilifungua utakuta labda la kaka fulani lilikaa siku tisa na hakuna aliyekohoa.

La saa 11 lina pande mbili. Dunia ilikuwa na mawazo kama yako: mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1948 uliwazuia wanawake kazi ya usiku viwandani. Mwaka 1990 likaja na mkataba mwingine unaowalinda wafanyakazi wa usiku wote, wanaume kwa wanawake, kwa kutambua kwamba usiku unachosha na kuhatarisha kila mwili. Ufuate mkondo huo. Akibaki mtu ofisini hadi saa 2 usiku, kampuni imrudishe nyumbani. Panga mashukio kwa njia moja: wa Mbagala wasichanganywe na wa Bunju, la sivyo mtu atafika saa 6. Hapa tunakiri jinsi ina uzito wake, kwani kubaki peke yako na dereva usiku, ukiwa wa mwisho kushuka, si jambo moja kwa mwanamke na kwa mwanaume. Dawa yake ni kumuuliza yeye anataka ashuke wa ngapi. Usimwamulie. Kila anayeshuka aandike "nimefika" kwenye kundi la WhatsApp la zamu, pamoja na yule kaka mwenye kifua cha mnyanyua vyuma.

Yule mama abaki na saa yake 11 akitaka, ila sababu ibadilike. Andika kwamba saa za ziada ni za hiari na zina orodha ya kujiandikisha kila Jumatatu. Asiyejiandikisha anaondoka muda wake ukiisha, hata kama ni mwanaume mwenye mtoto wa kumchukua shuleni. Na usizidishe: sheria inaruhusu saa 50 za ziada katika mzunguko wa wiki nne, basi. Mama hatapoteza kitu, ila wengine wataacha kupoteza kwa jina lake.

Kuna ulinzi mmoja usiouchezea kwa kisingizio cha usawa. Mjamzito hapangiwi wala haruhusiwi kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya siku anayotarajiwa kujifungua, na kabla ya hapo ikiwa cheti cha daktari kinasema hafai. Aliyejifungua vivyo hivyo kwa miezi miwili baadaye. Anayenyonyesha anaruhusiwa kutumia hadi saa mbili za muda wa kazi kila siku kumnyonyesha mtoto. Hizo ni haki, usimwambie mtu "nimekufanyia hisani". Nje ya hapo, mjamzito wa miezi minne anayesema anaweza Tunduma, anaweza.

Mengine ni mepesi. Dumu la lita 18.9 likijaa lina kama kilo 20, na mgongo unaouma mara nyingi ni wa kaka aliyelinyanyua kwa kujipinda mbele ya watu. Sheria ya ofisi iwe ya uzito: dumu linabebwa na wawili, au linasukumwa kwa toroli na kupandishwa na mwenye afya ya kulipandisha. Kiti cha mbele apewe mwenye miguu mirefu au anayetapika njiani. Wenye gari wanajua kwamba wa pili ndiye mwenye haki zaidi.

Chakula usikipuuze. Bosi anayewalipia wanawake peke yao anaanzisha maneno mawili kwa sahani moja: wanaume wanauliza kwa nini wao hapana, na mwanamke anabaki akijiuliza anadaiwa nini. Ukitaka kulipa, lipia meza nzima au usilipe.

Hukutaja unawaitaje wenzako, lakini tunahisi. Kama wanaume unawaita "afisa" au "kamanda" na binti unamwita "mrembo" au "mchumba", acha leo. Dada na jina lake, kama unavyosema kaka na jina lake, inatosha na ni adabu kamili. Angalia pia nani anaandika muhtasari wa kikao na nani anamimina chai wageni wakija. Kama ni yeye kila mara, hilo nalo liingie kwenye mzunguko.

Mwendokasi: hapana, si kosa. Mpishe mwenye haja, na haja haina sketi. Mjamzito, mwenye mtoto mgongoni, mzee, mwenye magongo, aliyetoka hospitali na bahasha ya eksirei mkononi, aliyebeba beseni. Binti wa miaka 27 aliyevaa spika za masikioni saa 1 asubuhi pale Magomeni Mapipa anaweza kusimama hadi Kivukoni. Mzee wa kiume aliye nyuma yake pengine hawezi. Simama kwanza, ndipo useme "karibu ukae" mara moja, kwa sauti ya kawaida. Usimuulize mtu kama ana mimba, kuna matumbo yasiyo na habari yoyote. Usimguse bega wala kiuno kumwelekeza. Akisema "asante, nashuka karibu", kaa zako, usimlazimishe. Akikaa, kazi yako imeisha, usimwombe namba.

Na ukiwa umekaa kwenye daladala wewe umechoka kweli, huna haja ya kujifanya umelala. Sema "nikushikie mzigo". Weka begi lake juu ya magoti, zipu ikimtazama yeye, mikono yako juu ya begi anapoiona. Adabu hiyo ni ya mjini hapa hapa. Konda wa kike kwa wa kiume wanaijua, na hatujasikia aliyeilalamikia.

Limebaki suala la utakavyomkabili binti. Usiandike kuomba radhi kwenye kundi la ofisi, utamgeuza habari ya mjini na mama atapata la kuongeza. Alikusema mbele ya watu kwa sababu pengine faraghani hukuwahi kumpa mlango. Jumatatu mwite ofisini, mlango uwe wazi, mwambie: "Nimepiga hesabu ya safari, ulisema kweli. Nimeweka mzunguko, jina lako liko la pili. Tarehe 14 una nafasi?" Akisema hiyo tarehe ana kikao cha kikoba, mpe inayofuata.